Skrubu Ikigusa Mzizi wa Jino

Anayenyooshewa meno Kinshasa kisha akarudi nyumbani Kisangani, kati yake na daktari wake kuna mto wa kilomita 1,700 hivi. Ndiyo maana msomaji wa huku anapaswa kuielewa mapema ile skrubu ndogo ambayo huenda akawekewa kwenye taya.

Ni skrubu ya titani, nene milimita 1.2 hadi 2, na kazi yake ni kuwa egemeo. Jino likivutwa kwa kuegemea jino jingine, yote mawili husogea, kama mitumbwi miwili iliyofungwa kamba moja katikati ya maji. Kamba ikifungwa kwenye mti wa ukingoni, mtumbwi ndio unaokuja. Creekmore na Eklund walilionyesha jambo hili Marekani mwaka 1983, na mwaka 1997 Kanomi wa Japani akaeleza skrubu ndogo zaidi.

Shida ni nafasi. Mara nyingi skrubu hupita kati ya mizizi ya meno mawili, penye mfupa wa milimita chache tu. Mkono ukipinda kidogo, ncha hugusa mzizi.

Je, jino limekufa? Kwa kawaida, hapana. Mzizi umevikwa tabaka jembamba liitwalo sementamu. Chini yake ni dentini, na ndani kabisa kiini chenye neva na mishipa ya damu. Nyuzi laini huufunga mzizi kwenye mfupa, na humo ndimo zinamokaa seli zinazoutengeneza mzizi ukijeruhiwa. Skrubu ikiondolewa, seli hizo husafisha kidonda, hukifunika kwa sementamu mpya, na nyuzi hushika tena. Watafiti wa Ubelgiji waliochunguza mbwa mwaka 2005 waliona mizizi iliyojeruhiwa imepona karibu kabisa baada ya wiki 12. Mwaka 2008 watafiti wengine walichunguza meno ya watu, yale yaliyokuwa yang'olewe hata hivyo, wakakuta kupona kumeanza ndani ya wiki chache.

Kupona huko kuna masharti. Skrubu ikiachwa inaukandamiza mzizi, mzizi huendelea kulika. Ikifika kwenye kiini, jino linaweza kufa na kuhitaji matibabu ya ndani ya mzizi. Jeraha likiwa pana, mfupa unaweza kugandamana na mzizi, na jino la namna hiyo halisogezwi tena na waya wowote.

Kinga kubwa iko kwa mgonjwa mwenyewe. Mfupa hauumi sana, lakini zile nyuzi zina neva nyingi, na kwa sababu hiyo madaktari wengi hutia ganzi kidogo tu: skrubu ikiukaribia mzizi, mgonjwa ahisi. Kwetu anayevumilia kimya husifiwa. Kwenye kiti hiki kimya chake kinamdhuru. Ukichomwa na maumivu makali ya ghafla, inua mkono. Daktari atairudisha skrubu na kubadili mwelekeo.

Kabla ya kupanda boti au ndege, omba nakala ya eksirei yako. Ukiwa nyumbani, skrubu ikilegea, jino likiuma unapotafuna au likigeuka kijivu, au ufizi ukitoa usaha, usiifungue skrubu mwenyewe. Nenda na nakala hiyo kwa daktari wa meno aliye karibu, upigwe eksirei nyingine azilinganishe, na umwombe awasiliane na aliyekuwekea.