Mafuta ya Nazi Mbele ya Miale ya Infraredi

Mnunuzi wa mafuta ya nazi pale soko la Marikiti, Mombasa, hufungua kizibo, akanusa, kisha akainua chupa mwangani. Pua itamwambia kama mafuta yamechacha. Haitamwambia kama yametiwa mawese yaliyosafishwa mpaka yakapotea rangi na harufu. Na mawese hayako mbali: shehena za Malaysia na Indonesia hushukia bandari hiihii ya Mombasa, tena kwa bei ambayo mkamua tui hawezi kushindana nayo.

Wengine husema, tia kwenye friji. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, ndiyo maana Mji wa Kale huyaona majimaji karibu mwaka mzima. Lakini yaliyochanganywa nayo huganda, kwa hiyo friji haithibitishi kitu.

Maabara huweka tone moja juu ya fuwele na kulimulika kwa infraredi, miale isiyoonekana ambayo William Herschel aliigundua mwaka 1800. Vifungo vya atomi hutetemeka, na kila aina hufyonza miale inayolingana na mtetemo wake. Kompyuta huchora vilele, na kazi huisha kwa dakika chache.

Kilele cha kuvizia kiko karibu na mawimbi 3,006 kwa sentimita. Hapo husikika haidrojeni iliyoshikana na kaboni yenye kifungo maradufu. Takriban asilimia 90 ya asidi za mafuta ya nazi zimeshiba, hazina kifungo hicho, basi kilele chake ni kidogo mno. Ukitia mawese, soya au alizeti, kinainuka, na kimo chake humwezesha mtaalamu kukadiria kiasi kilichotiwa.

Mchakachuaji mjuzi hatii hayo. Hutia mafuta ya kokwa za mchikichi, ambayo, kama ya nazi, karibu nusu yake ni asidi ya lauriki. Akitia kidogo, infraredi yaweza kudanganyika; hapo ni lazima kipimo cha kromatografia ya gesi, chenye gharama na subira zaidi.

Isitoshe, mashine hulinganisha tu. Mafuta ya tui na ya mbata hayafanani kabisa, kwa hiyo kabla ya kumshuku muuzaji yeyote wa Mombasa, maabara inahitaji sampuli halisi za Kwale, Kilifi na Lamu, zilizokamuliwa mpimaji akishuhudia.