Kinachowavuta watu Kilifi na Malindi, na kinachowanyima wenyeji usingizi

Kwa miaka mingi, mkazi wa Nairobi aliyetaka kuhamia Pwani baada ya kustaafu alitajiwa Mombasa kwanza, kisha Malindi. Kilifi lilikuwa jina la daraja alilovuka akielekea huko.

Mambo hayako hivyo tena. Hasa baada ya janga la Covid-19 kuzuka mwaka 2020 na kudhihirisha kwamba kazi nyingi za ofisini zaweza kufanywa popote palipo na umeme na intaneti, mji huo mdogo, ulio kilomita zipatazo 60 kaskazini mwa Mombasa, umeendelea kupokea wakazi wapya: wasanii, wataalamu wa kompyuta, wastaafu, na familia changa zilizochoshwa na misongamano ya magari jijini. Malindi, iliyo mbele kwa kilomita nyingine kama 60, ni kubwa na mashuhuri zaidi, lakini imebaki ikijiuliza mwenzake amepata nini ambacho yenyewe haina.

Swali la kinachomfanya mtu apende kuishi katika mji fulani limewahi kufanyiwa utafiti wa kina Marekani. Kati ya mwaka 2008 na 2010, wakfu wa Knight Foundation ulishirikiana na kampuni ya Gallup kuwahoji watu wapatao 43,000 katika miji na maeneo 26 ya nchi hiyo. Baadhi yalikuwa majiji makubwa, na mengine miji midogo kama vile Aberdeen katika jimbo la South Dakota na Milledgeville katika jimbo la Georgia.

Wengi walitarajia kwamba ajira na mishahara ndiyo ingetajwa mwanzo. Haikuwa hivyo. Mambo matatu yaliyoonekana kumfunga mtu na mji wake kuliko mengine yote yalikuwa nafasi za watu kukutana na kuburudika pamoja, moyo wa mji wa kupokea watu wa kila namna, na uzuri wa mandhari yake.

Ukiyapima matatu hayo kwa ufuo wa kuanzia Takaungu hadi Malindi, utaona kwamba yote yapo, na yalikuwapo kabla Marekani haijawa taifa.

La mandhari halihitaji maneno mengi. Mbuga za baharini za Watamu na Malindi zilitengwa tangu mwaka 1968. Msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye ukubwa wa kilomita mraba zipatazo 420, ndio mkubwa zaidi kati ya misitu mikavu ya pwani iliyosalia Afrika Mashariki. Magofu ya Gede yaliingizwa katika orodha ya Turathi za Dunia ya Unesco mwaka 2024, na kaya za Wamijikenda zilitangulia mwaka 2008. Kilifi kwenyewe kuna ule mkono wa bahari unaoingia bara kupitia mikoko, ambao usiku usio na mwezi maji yake humetameta ukiyatia kasia.

Hata hivyo, yafaa mgeni aelezwe mapema kwamba picha za matangazo hupigwa wakati wa kaskazi. Kusi inapovuma, bahari huchafuka na ufuo hujaa mwani. Malindi nako, Mto Sabaki unapofurika huteremsha tope la bara hadi maji ya bahari yakageuka rangi ya chai ya maziwa. Maji ya mfereji yanayotumiwa katika miji yote miwili hutoka Baricho, kando ya mto huohuo, na husukumwa kwa pampu za umeme. Umeme ukipotea, mifereji hukauka na mikokoteni ya mitungi huanza kuzunguka mitaani. Mhamiaji wa Desemba huyajua hayo ifikapo Mei.

La kukutana lina uzito zaidi. Mwanasosholojia wa Marekani, Ray Oldenburg, aliandika mwaka 1989 kwamba mtu huhitaji mahali pa tatu pasipo nyumbani wala kazini, ambapo aweza kwenda bila mwaliko na kukuta watu anaowajua. Alilalamika kwamba miji ya nchi yake imejengwa kwa ajili ya magari, na mahali kama hapo pametoweka.

Mswahili hahitaji kufunzwa hilo na yeyote, kwani nyumba zake za kale zilijengwa na mahali hapo mlangoni. Baraza ya mawe iliyo nje ya nyumba si ya mwenye nyumba peke yake, na wala si ya barabara. Apitaye huamkia, na aliyeamkiwa huitika na kuuliza habari za wazee. Baada ya swala ya Alasiri, katika mitaa ya kale ya Malindi iliyo karibu na msikiti wa Ijumaa, wazee huketi kwa kahawa chungu na bao, na habari ya msiba au ya harusi hufika hapo kabla ya kufika redioni.

Kilifi hakuna mitaa mingi ya mawe ya aina hiyo, lakini udogo wake hufanya kazi ileile. Soko, steji ya matatu, hospitali, benki na ofisi za serikali vyote viko katika eneo ambalo mtu mzima aweza kulizunguka kwa miguu asubuhi moja, na aliyechoka huita tuktuk. Daktari na mgonjwa wake hukutana kwa muuza mahamri na mbaazi. Mhadhiri hununua samaki kwa mzazi wa mwanafunzi wake. Jijini, watu hao wangeishi miaka kumi katika mtaa mmoja pasipo kujuana majina.

Si kila mtu huona hilo kuwa neema. Katika mji ambao kila mtu anajua umelala wapi na umekula nini, kijana aweza kuiona hiyo baraza kama mahakama.

Kuhusu kupokea wageni, Malindi ina rekodi ambayo miji michache ya bara hili inaweza kushindana nayo. Mwaka 1415 twiga aliyetolewa mji huo alifikishwa kwa mfalme wa Uchina. Mwezi Aprili 1498, Vasco da Gama aliyekwisha kukosana na Mombasa alipokewa Malindi vizuri, akapewa rubani wa kumwonyesha njia ya kwenda India. Nguzo yenye msalaba aliyoiacha ingali imesimama.

Wataliano walifika kwa njia isiyojulikana na wengi. Katika miaka ya 1960 nchi yao ilijenga kituo cha kurushia setilaiti huko Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, kwenye majukwaa yaliyosimamishwa baharini. Setilaiti ya kwanza ilirushwa kutoka hapo Aprili 1967. Nyingine, iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970 kuchunguza mionzi ya eksirei angani, ilipewa jina la Uhuru kwa kuwa siku hiyo Kenya ilikuwa ikiadhimisha uhuru wake. Wahandisi na jamaa zao walipenda mahali, wakarudi kama watalii, kisha wakajenga. Leo kuna Mgiriama asiyewahi kupanda ndege anayezungumza Kitaliano sawasawa, na kuna Mtaliano aliyezeekea Malindi akijua Kiswahili cha sokoni.

Lakini hapa ndipo utafiti wa Marekani unapohitaji kusomwa kwa tahadhari. Watu walioulizwa huko waliishi katika miji ambayo tayari ilikuwa na barabara, shule na aina fulani ya kazi. Kwa ukarimu wake wote, Malindi iliujenga uchumi wake juu ya mgeni wa msimu, na mgeni wa msimu hujiondokea. Aliondoka baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007, akaondoka tena mataifa ya Magharibi yalipotoa tahadhari za usalama kuhusu Pwani, na mwaka 2020 hakuja kabisa. Kila mara, mhudumu wa hoteli, mchonga vinyago na dereva wa teksi ndio waliobaki na hasara.

Kilifi ilikuja kunawiri kwa njia nyingine, na kwa kiasi fulani bila kukusudia. Hadi mwaka 1991 msafiri alivuka maji kwa feri, kutoka upande wa Mnarani hadi mjini, na magari yakipanga foleni. Daraja lilipofunguliwa mwaka huo, ilidhaniwa kwamba mji ungekufa kwa kuwa hakuna tena aliyelazimika kusimama. Kisha kiwanda cha korosho, kilichokuwa tegemeo la wakulima wa wilaya nzima, kikafungwa katika miaka hiyohiyo ya 1990, na minyororo ikafungwa langoni.

Kilichouokoa mji ni taasisi ambazo hazifuati msimu. Mwaka 1989, Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu Nchini (KEMRI) na wakfu wa Wellcome Trust wa Uingereza walianzisha kituo cha utafiti kando ya hospitali ya Kilifi. Kituo hicho kimekua na kuwa miongoni mwa vinavyosifika barani. Chanjo zote mbili za malaria zilizoidhinishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 na 2023 zilifanyiwa majaribio Kilifi pia. Mwaka 2007 chuo cha kilimo kilichokuwa mjini humo kiligeuzwa kuwa chuo kikuu kishiriki, na mwaka 2013 kikawa Chuo Kikuu cha Pwani. Mwaka huo wa 2013 ugatuzi ulipoanza, Kilifi ikawa makao makuu ya kaunti, na Malindi, iliyokuwa na wilaya yake, ikajikuta chini yake. Wamalindi hawajalisahau hilo.

Mtafiti, mhadhiri na karani wa kaunti hulipwa Julai kama wanavyolipwa Desemba. Hao ndio wanaokodi nyumba mwaka mzima, wanaonunua mboga kila jioni na kudai shule nzuri kwa watoto wao. Mikahawa na tamasha zinazowavuta vijana wa Nairobi zilikuja juu ya msingi huo.

Limebaki jambo moja ambalo Gallup hawakuwa na sababu ya kuwauliza watu wa Aberdeen, yaani iwapo wana haki ya kuendelea kuishi pale walipo.

Ukanda wa maili kumi wa Pwani uliwekwa chini ya ulinzi wa Waingereza mwaka 1895 kwa mapatano na Sultani wa Zanzibar. Mwaka 1908 ilitungwa sheria ya kusajili ardhi katika ukanda huo, na kila aliyedai kumiliki kipande alitakiwa kujitokeza na kuthibitisha. Waliojitokeza wengi walikuwa Waarabu na Waswahili waliozoea hati na kadhi. Wamijikenda, walioshika ardhi kwa ukoo na si kwa karatasi, wengi wao hawakusajili chochote, na ardhi isiyodaiwa ikawa mali ya Serikali ya Uingereza. Wagiriama walipotakiwa wahame kaskazini mwa Sabaki mwaka 1914, walipigana. Sanamu ya Mekatilili wa Menza iliyoko Malindi inakumbusha enzi hizo.

Mwaka huohuo wa 1914, sheria nyingine iliwatambulia Wamazrui ardhi kubwa ya Takaungu. Bunge liliifuta mwaka 1989, lakini mvutano kati ya warithi hao na wanaoilima ardhi hiyo uliendelea mahakamani. Watamu nako, Chembe Kibabamshe imekuwa mfano wa ufuo ambapo kiwanja kimoja huwa na hati zaidi ya moja, huku familia zinazoishi juu yake zikiwa hazina hata moja.

Matokeo yake ni kwamba maelfu ya wenyeji wa kaunti hii huitwa maskwota mahali walipozikwa babu zao. Na kila mji unapozidi kupendeza, hali yao huzidi kuwa ngumu. Kipande kilichokuwa cha mihogo na minazi hupata thamani, mwenye hati aliyekuwa hajulikani alipo hujitokeza, na baada ya wiki chache huonekana mawe ya mipaka. Hata waliopewa hati katika miradi ya makazi ya serikali, baadhi yao waliuza upesi, kwa madalali waliowatembelea wakati wa karo au ugonjwa.

Katiba ya 2010 ilijaribu kuweka mipaka. Kifungu cha 65 kinamnyima raia wa kigeni umilikaji wa milele na kumruhusu kukodi kwa muda usiozidi miaka 99. Kifungu cha 62 kinasema ardhi iliyo kati ya alama ya maji kujaa na ya maji kupwa ni ya umma. Ufuo, basi, ni wa kila Mkenya. Tatizo ni kuufikia: vichochoro vilivyowapeleka wavuvi baharini vimezibwa kwa kuta katika sehemu nyingi, na mvuvi mwenye nyavu begani hulazimika kuzunguka mbali ili afikie maji ambayo kisheria hakuna awezaye kumzuilia.

Kwa anayefikiria kununua ploti huko, upekuzi katika ofisi ya ardhi ni nusu ya kazi tu. Desturi za Pwani hutenganisha ardhi na kilichopandwa juu yake: minazi yaweza kuwa ya mtu mmoja na udongo wa mwingine. Wagiriama nao husimamisha vigango, nguzo za mbao zilizochongwa kwa heshima ya wazee waliofariki, mahali ambapo ukoo umekaa. Vingi viliibwa na kuuzwa ng'ambo, na viwili vilirejeshwa kutoka Marekani mwaka 2007. Mnunuzi mwangalifu hulifikia shamba lenyewe mchana, akauliza minazi ni ya nani, na makaburi yaliyo chini yake ni ya nani.