Elfu Mbili ya Mama Mkwe

Msomaji wangu, umewahi kununiana na mwenzio siku tatu nzima kwa sababu ya shilingi elfu mbili? Sisi tumewahi.

Mimi na mume wangu tuna jimu ndogo hapa Dar. Wateja wetu ni vijana wa maofisini. Wanaingia saa 11 alfajiri wakikimbia foleni, saa 2 wameshaondoka, wanarudi jioni. Katikati hapo ukumbi unalala, ila kodi ya mwenye nyumba hailali hata siku moja.

Mwaka jana mama mkwe aliteleza bafuni. Hakuvunjika, namshukuru Mungu, lakini woga ukamwingia, akawa anatembea ameshika ukuta. Daktari akasema asikae, afanye mazoezi ya miguu. Nikapekua mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020: wenye miaka 65 na kuendelea wanatakiwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, na angalau siku 3 wafanye ya kujenga nguvu na kutoyumba. Nikamwambia baba watoto, tufungue saa za wazee. Umri tukaweka 60, kama Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inavyohesabu.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Yeye alitaka iwe bure. “Mtu namwamkia shikamoo halafu namdai hela?” Ni rahisi kusema hivyo kama siyo wewe unayenunua umeme wa LUKU! Mimi nikasema nusu bei, elfu 30 kwa mwezi badala ya 60. Na muda tukawapa ule usiotufaa sisi, saa 6 hadi saa 8 mchana.

Wiki ya kwanza walikuja wanne. Wiki ya pili alikuja mama mkwe peke yake, na yeye ni wa nyumbani.

Nikamuuliza, “Mama, wenzio wako wapi?” Akacheka. “Mkwe wangu, saa 6 jua la utosi, chungu kiko jikoni, wajukuu wanarudi shule, na wengine tunaswali adhuhuri. Nani aje?” Na hela je? Akasema wengine wanasubiri pensheni, wengine wanasubiri mtoto atume. Elfu 30 kwa mkupuo hawana. Basi nikamweleza wazo la mwanawe la bure, akakunja uso. “Bure nitakuwa mgeni. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nikilipa, kiti kikiwa kibovu nitasema.”

Tukahamia saa 3 hadi saa 5 asubuhi, daladala zikishapungua watu. Malipo yakawa kwa siku, elfu 2. Hesabu yangu ilikuwa hivi: kocha tunamlipa elfu 15 kwa kipindi, kwa hiyo wakija wanane tumemlipa na chenji imebaki. Wakija saba tumeingia hasara. Baba watoto akaona nimemgeuza mama yake kuwa mteja, akaninunia. Chakula anakula, neno hasemi. (Wanawake wenzangu mnalijua hilo.) Siku ya nne alimkuta mama yake mlangoni anafungua fundo la kanga, anatoa noti zake mbili na kudai risiti. Alicheka mpaka akakaa chini, na ndiyo tukaongea.

Mengine tumejifunza polepole. Muziki tumeupunguza, maana kocha akipaza sauti juu ya Bongo Fleva wazee hawasikii kitu. Jumanne na Alhamisi ni kina mama tu, na wenye baibui wakaanza kuja. Kabla ya mashine, kocha anawapima presha. Zoezi wanalolipenda ni kuinuka kitini na kukaa bila kushika popote, mara kumi. Mama mkwe siku hizi anaoga bila kushika ukuta.

Sasa wanataka na Jumamosi asubuhi. Jumamosi asubuhi ndiyo mkate wetu, jamani! Vijana wanajaa mpaka mlangoni. Baba watoto anasema tuwape. Mimi bado napiga hesabu, na mama mkwe kila akija ananiuliza nimefika wapi.