Seva ya Nyumbani (3): Diski Inapoanza Kulalamika

Tulipoachana wiki iliyopita seva yetu ilikuwa imesimama: kompyuta kuukuu, diski nne, mfumo wa Linux unaozifanya diski hizo zionekane kama moja, na ndani yake picha za familia, video za harusi na makabrasha ya ofisini. Leo tuingie kwenye siku ambayo kila mwenye seva huifikia akikaa nayo vya kutosha. Unafungua ukurasa wa seva asubuhi, unakuta alama nyekundu na maneno kwamba diski namba tatu ina hitilafu. Mafaili yote bado yanafunguka. Mlio wa ajabu hakuna.

Hapo watu hugawanyika. Wapo wanaosema maadamu inafanya kazi tuiache, na wapo wanaoichomoa papo hapo na kukimbilia dukani. Wa kwanza hulipa baadaye. Wa pili hulipa mara moja, na mara nyingi hulipia kitu ambacho hakikuwa kibovu. Mimi nalichukua onyo la diski kama tuhuma: linataka ushahidi, na sehemu kubwa ya ushahidi huo imeandikwa ndani ya diski yenyewe.

Lakini kabla ya ushahidi, nakili data. Hili halina mjadala. Kipimo kirefu cha diski husoma uso wake wote toka mwanzo hadi mwisho. Kwa diski ya terabaiti 8 hiyo ni kazi ya nusu siku au zaidi, na kama kweli diski iko mahututi, huenda hizo ndizo saa zake za mwisho. Zitumie kutoa vitu. Anza na visivyopatikana tena, yaani picha, barua na nyaraka. Filamu uliyoitoa mtandaoni itapatikana tena. Wala usijifariji kwamba diski zako ziko kwenye RAID. Wazo hilo lilipewa jina mwaka 1987 na David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na lilihusu kuunganisha diski za bei nafuu kiasi kwamba moja ikifa kazi isisimame. Halikuahidi kukulinda na mtoto aliyefuta folda, mwizi aliyebeba kisanduku kizima, au radi iliyopitia kwenye umeme ikaunguza diski zote nne kwa mkupuo. Nakala ya kweli ni ile iliyo mahali pengine.

Sasa tusome ushahidi. Diski za siku hizi hujiwekea kumbukumbu za afya zao kwa utaratibu uitwao SMART, na kwenye Linux programu ya kuzisoma ni smartctl. Ukiandika smartctl -a na jina la diski, litakuja jedwali refu ambalo humshtua anayeliona mara ya kwanza, maana baadhi ya namba zina tarakimu tisa. Usitishike. Diski za Seagate, kwa mfano, huandika namba kubwa mno kwenye mstari wa 7 hata zikiwa mpya, kwa sababu namba hiyo imechanganya pamoja idadi ya makosa na idadi ya safari za kichwa cha kusomea. Mistari ya kukodolea macho ni michache: wa 5, 187, 197, 198 na 199.

Wa 5 huhesabu sekta zilizohamishwa. Sekta ni kipande kidogo cha uso wa diski, na kila diski hutoka kiwandani na akiba ya sekta za ziada. Kipande kikiharibika, diski hukiacha na kutumia cha akiba bila kukuuliza. Wa 197 ndio unaosema mengi zaidi. Huo huhesabu sekta zinazosubiri uamuzi: diski ilijaribu kuzisoma ikashindwa, lakini haiwezi kuzihamisha kwa kuwa haijui kilichomo. Zitabaki kwenye foleni mpaka kitu kipya kiandikwe juu yake. Kikikubali, sekta hurudi kazini na hesabu hupungua. Kikikataa, sekta huhamishwa, na wa 5 hupanda. Ndiyo maana ukiona 197 imeshuka usishangilie kabla ya kutazama 5. Na huku kwetu, ambako umeme hukatika bila hodi, kuna sababu nyingine: umeme ukiondoka diski ikiwa katikati ya kuandika, sekta hubaki nusunusu, haisomeki, ingawa uso wake ni mzima kabisa.

Kwa hiyo siogopi namba iliyotulia. Naogopa inayotembea. Diski iliyohamisha sekta 8 mwaka juzi na bado inasema 8 nitaiacha ifanye kazi huku naiangalia. Iliyosema 0 Jumatatu, 8 Jumatano na 40 Ijumaa sitaingojea Jumatatu nyingine. Andika namba na tarehe kwenye karatasi, uibandike ubavuni mwa kisanduku. Kila mwezi ongeza mstari.

Mwaka 2007 Eduardo Pinheiro, Wolf-Dietrich Weber na Luiz André Barroso wa Google walichapisha matokeo ya kufuatilia diski zaidi ya 100,000. Diski iliyopata kosa lake la kwanza la ukaguzi wa uso ilikuwa na uwezekano mara 39 wa kufa ndani ya siku 60, ukiilinganisha na isiyo na kosa hilo. Hayo yanakubaliana na karatasi yetu ya ubavuni. Lakini waliona pia kwamba zaidi ya nusu ya diski zilizokufa hazikuwa zimeonyesha chochote kwenye vipimo vinne walivyoviona vina nguvu zaidi. Jedwali safi, basi, si dhamana. Nilivyosema: nakala kwanza.

Mstari wa 199 una kesi yake peke yake. Huhesabu ujumbe ulioharibika njiani kati ya diski na ubao mama. Ukipanda huo huku mingine ikiwa sifuri, diski kwa kawaida haina hatia. Kijana mmoja jirani, mpiga video za harusi, alikuja na kisanduku chake kwapani.

"Shikamoo mzee. Wanasema diski imekufa, ninunue nyingine."

"Marahaba. Wanasema nani, diski au muuza diski?"

Mstari wa 5, sifuri. 197, sifuri. 199, elfu moja mia tatu na kumi na mbili. Tulipofungua ubavu, waya wa SATA ulikuwa umekunjwa kona kali nyuma ya feni, na plagi yake imepoteza kile kibanio kidogo cha chuma, hivyo feni ikitikisika nayo inacheza. Waya mpya uliumaliza ugomvi. Namba yenyewe hairudi sifuri. Iko vilevile hadi leo, na huko kukaa vilevile ndiko tulikokutaka.

Umeme wa ndani nao husingizia diski. Diski ya inchi 3.5 inaweza kuvuta wati 20 na zaidi katika sekunde zake za kwanza za kuzunguka, kisha ikitulia ikatosheka na chini ya 10. Nne zikiamka pamoja kwenye pawa saplai iliyochoka, au kwenye waya mmoja uliogawanywa mara mbilimbili, moja hupotea kwenye orodha na kurudi baadaye kana kwamba hakuna kilichotokea. Kipimo ni rahisi: zima seva, hamishia diski inayotuhumiwa kwenye waya na tundu la mwenzake. Kosa likiifuata, diski ndiyo mkosaji. Likibaki pale pale na kumshika mgeni, umempata mwingine. Na kama unatumia mfumo wa mafaili wa ZFS ukaona safu ya CKSUM inahesabu makosa kwenye diski zote kwa pamoja, kapime kumbukumbu ya RAM na umeme. Diski nne hazifi siku moja kwa bahati mbaya tu.

Kuna pia diski inayofukuzwa kwa tabia, si kwa ugonjwa. Diski za kompyuta za kawaida zikikutana na sekta ngumu huweza kung'ang'ania muda mrefu sana kuisoma, wakati Linux kwa kawaida husubiri sekunde 30 tu, kisha huona haijibiwi. Diski zilizotengenezwa kwa ajili ya seva hukata tamaa baada ya kama sekunde 7 na kuiachia RAID kazi ya kuziba pengo. Kabla ya kununua, ulizia hilo.

Ushahidi ukiikalia diski, ibadilishe, na hapa ndipo nyumba nyingi zimelia. Jina kama sdc, ambalo Linux huipa diski, si la kudumu. Ukiwasha upya laweza kuangukia diski nyingine. Chomoa kwa namba ya kiwandani: smartctl huionyesha, na imechapishwa kwenye lebo ya diski. Ukiwa na RAID inayovumilia kifo kimoja tu, ukachomoa nzima ukaacha mbovu, umejimaliza mwenyewe. Kama kuna tundu la ziada, chomeka mpya huku mgonjwa akiwa bado ndani, kwani mdadm, programu ya RAID ya Linux, na ZFS zote huweza kuhamisha kutoka kwa wa zamani kwenda kwa mpya, na kile kidogo anachosoma bado kina faida. Kazi hiyo huweza kuzilazimisha diski zilizobaki zisomwe toka mwanzo hadi mwisho. Kama ulizinunua zote siku moja, soma majedwali yao kwanza.

Asiye na nakala na diski inagoma atumie ddrescue ya Antonio Díaz Díaz, ambayo huchukua kwanza yanayosomeka, kisha hurudi kwa magumu, huku ikiweka ramani ya ilipofikia. Ukisikia diski inagonga, tak, tak, tak, zima. Kichwa cha kusomea huelea umbali wa nanomita chache tu juu ya sahani, na kila mzunguko unaoongeza waweza kuwa mkwaruzo. Kuiweka kwenye friji, kama wanavyoshauriana watu, huishia kuialika jasho ndani.

Hiyo iliyotoka usiitupe jalalani wala kuiuza kwa anayenunua vyuma chakavu. Picha zako bado zimo. Kama inakubali kuandikwa, iandike sifuri mwanzo hadi mwisho. Kama haikubali, fungua kifuniko kwa bisibisi ya nyota ya T8, toa sahani, uzikwaruze vizuri pande zote mbili.

(Itaendelea)