Uzito wa Moyo wa Mgonjwa wa Saratani Nao Hupimwa



Kutoka Viwanja vya Mnazi Mmoja hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road si mwendo mrefu. Kwa sababu hiyo, zimo nyumba za Kariakoo, Gerezani na Upanga zinazopokea wageni waliokuja mjini si kwa ajili ya biashara, bali kwa ajili ya tiba. Mionzi huweza kuchukua majuma kadhaa, na muda wote huo mgonjwa aliyetoka mkoani hulala mbali na watoto wake na shamba lake. Kila asubuhi wenyeji humwuliza ameamkaje, naye hujibu kwamba anamshukuru Mungu.

Jibu hilo ni jema, lakini halitupi habari kamili. Ndivyo salamu zetu zilivyo: hata mwenye homa husema kwanza kwamba hajambo, ndipo aeleze kinachomsumbua. Asipoulizwa mara ya pili, mengi hubaki moyoni. Ndiyo maana wataalamu wa afya wametafuta njia za kuuliza kwa makini zaidi, na inafaa waamini tuzielewe.

Kinachopimwa ni nini?

Neno linalotumika ni mfadhaiko. Maana yake ni uzito wa moyo unaoanzia huzuni na hofu za kawaida, ambazo kila mtu aliyeambiwa ana saratani huzipata, na kuendelea hadi sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito inayomwondolea mtu hamu ya kuishi maisha yake ya kila siku. Mfadhaiko mdogo hupungua kwa faraja ya ndugu na kwa muda. Ule mkubwa huhitaji msaada wa kitaalamu, kwa sababu mgonjwa aliyelemewa huweza kuacha kula, kuacha dawa, au kukatisha tiba na kurudi nyumbani kimyakimya. Uzito wa moyo unagusa basi uponyaji wa mwili wenyewe.

Vipimo vyenyewe

Kipimo chepesi kuliko vyote kilianzishwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1990, katika kazi iliyoongozwa na Daktari Jimmie Holland, bingwa wa magonjwa ya akili katika hospitali ya saratani ya Memorial Sloan Kettering, New York. Wagonjwa walikuwa wamezoea kuulizwa maumivu yao ni kiasi gani kuanzia 0 hadi 10. Yeye na wenzake wakauliza kwa namna hiyohiyo kuhusu mfadhaiko, wakachora mfano wa kipimajoto. 0 ni kutokuwa na mfadhaiko wowote, 10 ni mfadhaiko uliopita kiasi. Mgonjwa huonyesha namba inayolingana na hali yake katika juma zima, pamoja na siku hiyo. Kwa kawaida anayefikia 4 au zaidi huulizwa zaidi. Pamoja na namba hiyo huwekwa orodha ya mambo yanayoweza kumlemea: nauli na makazi, familia, hofu, maumivu, na hata masuala ya imani. Orodha hiyo ndiyo inayoonyesha anayehitajika ni nani: afisa ustawi wa jamii, mshauri wa kisaikolojia, daktari, au padre.

Vipo pia vipimo virefu zaidi. Kimoja kilitolewa mwaka 1983 na madaktari Zigmond na Snaith wa Uingereza. Kina maswali 14: 7 ya wasiwasi na 7 ya sonona. Watunzi wake waliacha makusudi maswali mengi ya mwili, kwani mgonjwa wa saratani hukonda, huchoka na hukosa usingizi kwa sababu ya ugonjwa na tiba, na ukimhesabia hayo utamwona ana sonona kumbe ni dawa. Kingine chenye maswali 9 huuliza kuhusu majuma mawili yaliyopita na hutumika sana duniani. Swali lake la mwisho huuliza kama mtu amefikiri kwamba afadhali angekufa, au kama amefikiri kujidhuru. Mkristo asilichukue swali hilo kama tuhuma ya dhambi. Limewekwa ili kuokoa maisha, na anayejibu ndiyo anastahili kusaidiwa siku hiyohiyo.

Vipimo hivi vilitungwa katika lugha za wengine, na kuvitafsiri si kazi ndogo. Mtu wa Dar es Salaam hasemi kwamba ana sonona. Husema ana mawazo, au moyo ni mzito. Hapa kwetu mwaka 2008 Sylvia Kaaya na wenzake walichapisha matokeo ya dodoso la maswali 19 lililoandaliwa kwa mazingira ya jiji hili. Si dodoso la saratani peke yake, lakini linatufundisha kwamba kipimo kizuri huanza na maneno ya wenyewe.

Je, kutaja namba kubwa ni kukosa imani?

Hapa ndipo penye shida kwetu waamini. Mgonjwa akiulizwa na muuguzi huogopa kusema 7 au 8, akidhani kwamba Mkristo wa kweli hana haki ya kulemewa. Wakati mwingine ndugu anayemsindikiza hujibu kwa niaba yake kwamba hana tatizo. Namba inayoandikwa inakuwa 0, na msaada uliokuwepo unampita.

Tumtazame Bwana wetu katika bustani ya Getsemani. Hakuwaficha wale wanafunzi watatu hali ya moyo wake. Hakuishia kusema kwamba ana huzuni, bali aliwaeleza na ukubwa wake, kisha akawaomba wakae macho pamoja naye. Ni baada ya hapo ndipo alipokwenda kusali. Kwake kusema ukweli wa moyo na kumtumaini Baba havikupingana. Anayemwambia muuguzi kwamba leo yuko kwenye 8 hajamkana Mungu. Amefanya alichofanya Kristo mwenyewe.

Wajibu wetu

Kwanza, ndugu anayemsindikiza mgonjwa ampe nafasi ya kujibu mwenyewe, na ikibidi atoke nje kidogo. Mama wengi hawawezi kutamka hofu yao mbele ya watoto wao.

Pili, wanajumuiya na WAWATA wanaotembelea wagonjwa wasijifanye wapimaji. Kazi yao ni kukaa, kusikiliza, na kuuliza mara ya pili baada ya ile salamu. Wakisikia mgonjwa anasema hana haja ya kuishi, wamsihi awaruhusu kuwaeleza wauguzi, na wasimwache peke yake. Mengine yote aliyowaamini nayo yasigeuke habari za jumuiya.

Tatu, padre aitwe mapema. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Liturujia ya mwaka 1963, ulifundisha kwamba Mpako wa Wagonjwa si sakramenti ya wanaokata roho pekee. Tunapongoja hadi dakika ya mwisho, tunaufanya ujio wa padre uwe tangazo la kifo, na sakramenti ya faraja inaongeza mfadhaiko badala ya kuupunguza.

Nne, tukumbuke kwamba namba haimponyi mtu. Ikiwa orodha imeonyesha kwamba kinachomlemea mgonjwa ni nauli ya kurudi Ocean Road kesho, basi sala yetu na iambatane na nauli hiyo. Kupima kusikofuatwa na msaada ni kumwongezea mgonjwa uchungu, kwa kuwa sasa anajua kwamba tumejua.

Mama Maria, Afya ya Wagonjwa, awaombee wote wanaobeba msalaba huu, pamoja na wale wanaowauguza.