Je, Wajua? Akiba ya Siku 31 Isiyogawanyika

Je, wajua kuwa ukitia shilingi 1 kwenye kibubu tarehe 1 Januari, kesho yake 2, keshokutwa 4, ukaenda hivyo ukiongeza maradufu kila siku, tarehe 31 jioni utakuwa na shilingi 2,147,483,647? Fedha hizo, watu wawe wawili, saba au elfu moja, hawawezi kuzigawana sawasawa bila shilingi kubaki. Hiyo ni namba tasa: hugawanyika kwa 1 na kwa yenyewe tu.

Je, wajua kuwa aliyethibitisha hayo alikuwa karibu kipofu? Ni Leonhard Euler, mwanahisabati mzaliwa wa Uswisi, aliyekuwa akiishi Saint Petersburg, Urusi. Ilikuwa mwaka 1772.

Je, wajua kuwa hakuhitaji kujaribu kila namba? Alitambua kwamba kama namba hii ina kigawo tasa, basi kigawo hicho kikigawanywa kwa 248 lazima kibakishe 1 au 63. Tena, kutafuta kupita 46,340 ni kazi bure, maana hapo ndipo kinapoishia kipeuo chake cha pili. Zikabaki namba 372 tu za kujaribu. Chukua 311: ukiizidisha kwa 6,905,092 unapata 2,147,483,612. Zimebaki 35, imeshindikana. Na nyingine zote zikashindikana vivyo hivyo.

Je, wajua kuwa saa za kompyuta nyingi za zamani zinakomea kwenye namba hii? Huhesabu sekunde tangu 1 Januari 1970, na nafasi iliyotengewa sekunde hizo haipokei namba kubwa zaidi ya 2,147,483,647. Zisiporekebishwa, hesabu itajaa tarehe 19 Januari 2038. Kwa saa za Afrika Mashariki itakuwa saa 12 na dakika 14 asubuhi.

Je, wajua kuwa mwaka 1811 Mwingereza Peter Barlow aliona utafutaji wa namba za aina hii hauna faida, akadhani hakuna atakayejisumbua kwenda mbele zaidi? Watu walikwenda. Namba tasa iliyotangazwa Oktoba 2024 ina tarakimu 41,024,320.

Na faida ilipatikana. Mwaka 1969 wataalamu walieleza njia ya kompyuta kutoa namba za kubahatisha: zidisha namba uliyonayo kwa 16,807, gawanya kwa 2,147,483,647, baki ndilo namba inayofuata. Kwa kuwa namba ya kugawia ni tasa na kizidishi kimechaguliwa kwa makini, mabaki hupitia namba zote kuanzia 1 hadi 2,147,483,646 kabla ya kujirudia.

Akiba haiozi. Mtoto akikuuliza namba tasa zina kazi gani, mwambie hii ilisubiri kazi hiyo karibu miaka 200, na ilipohitajika, Euler alikuwa ameshaithibitisha.