Uzi Mmoja, Madaftari Mawili

Mwaka 2010, Jumba la Makumbusho la Victoria and Albert jijini London lilionyesha mfarishi ulioshonwa kwa mkono na wanaume wa gereza la Wandsworth. Jumba lenyewe ndilo lililouagiza kwa ajili ya maonyesho yake ya mifarishi, na walioipokea oda ni wafungwa waliofundishwa sindano na Fine Cell Work, shirika la hisani la Uingereza. Mnunuzi mwenye jicho kali alihitaji kazi ya ubora, akaikabidhi kwa watu ambao waajiri wengi wangewafungia mlango. Mashirika yanayotumia uzi kuwainua wanaume na vijana yapo katika nchi nyingi, na mengi huzungumziwa kwenye kurasa za jamii na dini. Pahali pake ni hapa pia, kwenye kurasa za biashara, kwa sababu kufaulu au kufa kwake ni jambo la hesabu. Ninachokiona katika uzoefu wa mashirika haya ni hiki: shirika la namna hii linaendesha biashara mbili ndani ya karakana moja, ya kuuza bidhaa na ya kumjenga mtu, na linahitaji madaftari mawili. Likiziandika katika daftari moja, biashara zote mbili huumia.

Fine Cell Work inafaa kuangaliwa kwa karibu. Ilianza mwaka 1997 kwa juhudi za Lady Anne Tree, aliyetembelea magereza kwa miaka mingi na kuisukuma serikali ikubali wafungwa walipwe kwa kazi wanayoifanya vyumbani mwao. Mfungwa hufungiwa kwa saa nyingi kila siku, na saa hizo hupotea bure. Sindano, uzi na kitambaa havihitaji umeme wala mashine, wala havichukui nafasi. Watu wa kujitolea huingia gerezani kufundisha, mito ya makochi na mifarishi huuzwa nje, na aliyeshona hulipwa sehemu ya bei. Mwaka 2015 msanii Cornelia Parker alionyesha katika Maktaba ya Uingereza kazi ya kudarizi yenye urefu wa karibu mita 13, iliyonakili ukurasa wa Wikipedia kuhusu Magna Carta. Watu zaidi ya 200 walishiriki, na sehemu kubwa ya maandishi ilidariziwa na wafungwa wa shirika hili. Daftari la kwanza hapa ni la bidhaa: uzi, kitambaa, malipo ya mshonaji, bei. La pili ni la mtu: walimu, usimamizi gerezani, na kumshika mkono anapotoka. La kwanza hubebwa na wanunuzi. La pili haliwezi kubebwa na mauzo peke yake, na hapo ndipo michango ina kazi halali.

Tuchukue mfano wa kukadiria. Kijana anayejifunza kudarizi anamaliza mto mmoja kwa siku 10, ilhali fundi mzoefu angeumaliza kwa siku 3. Mnunuzi yuko tayari kulipia siku 3, kwa sababu sokoni mto huo una thamani hiyo. Siku 7 zilizobaki ni gharama ya shule, ingawa zimetumika karakanani. Meneja akizipakia kwenye bei, mto haununuliki. Akimkata kijana malipo ili kuzifidia, kijana anaondoka. Akizifumbia macho, mtaji unakwisha kimyakimya, na shirika hufungwa likiwa na oda mkononi. Njia iliyobaki ni kuzitambua siku 7 kwa jina lake, kuziandika kwenye daftari la pili, na kumwendea mfadhili na hesabu iliyo wazi: fedha hizi zinalipia kujifunza, haziokoi biashara mbovu.

Kwetu Afrika Mashariki mfano wa kuuangalia uko Iringa. Karakana ya Neema Crafts ilianzishwa mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana ili kuwapa kazi watu wenye ulemavu. Humo hufumwa vitambaa, hushonwa nguo na hutengenezwa karatasi, na mkahawa wake huhudumiwa na viziwi. Mkahawa huo una maana kubwa kibiashara. Mgeni anayekaa kunywa kahawa anaona kazi, anaishika, anainunua kwa kuipenda. Hilo ni tofauti na kununua kwa huruma, maana anayenunua kwa huruma hununua mara moja, na anayenunua kwa ubora hurudi na kuwaleta wenzake. Lakini soko linaloegemea wageni lina hatari yake. Watalii walioingia Tanzania walikuwa zaidi ya milioni 1.5 mwaka 2019, na mwaka uliofuata, kwa sababu ya UVIKO-19, wakashuka hadi takribani 620,000. Karakana yoyote iliyomtegemea mgeni peke yake ilipaswa kujiuliza mapema ni nani mteja wake wa pili: hoteli inayohitaji mapazia, shule inayohitaji sweta, kanisa au msikiti unaohitaji mazulia.

Wapo wanaosema uzi ni kazi ya wanawake, na kwamba kumpa kijana wa kiume sindano ni kumdhalilisha. Historia ya pwani na bara haikubaliani nao. Mtepe, chombo kilichobeba biashara ya Lamu na jirani zake, ulishonwa mbao kwa mbao kwa kamba za makumbi ya nazi, na mafundi wake walikuwa wanaume. Wavuvi hushona nyavu zao mpaka leo, na tanga la jahazi halijishoni. Huko bonde la Rukwa, karne ya 19, wanaume walifuma vitambaa vya pamba kwenye vitanda vya mfumi, hadi merikani na nguo nyingine za viwandani zilipowabana. Na katika miji yetu, fundi cherehani wa barazani mara nyingi ni baba wa familia. Waliopoteza kazi ya uzi waliipoteza kwa nguvu za soko. Jinsia haikuwa na neno humo, hivyo si hoja ya kumzuia kijana asirudi kwenye kitanda cha mfumi.

Pingamizi zito zaidi ni la bei. Mitumba na nguo za viwandani zinauzwa kwa bei ambayo mkono wa mtu hauwezi kuifikia. Ni kweli, na katani inatufundisha jinsi ya kulijibu. Mwaka 1964 Tanganyika ilizalisha takribani tani 230,000 za katani. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990 Tanzania ilikuwa imeshuka hadi kiasi cha tani 20,000. Kutaifishwa kwa mashamba kulichangia, lakini pigo kubwa lilitoka kwenye kamba za plastiki zilizofanya kazi ileile kwa gharama ndogo. Anayeuza kile ambacho mashine inakitengeneza atashindwa na mashine. Kwa hiyo karakana ya vijana isishindane kwenye shuka za kawaida wala kamba. Ishike kile ambacho mteja anataka kijulikane kimetoka mkononi mwa nani: mto wenye darizi, kikapu cha katani chenye nakshi ya pahali, kitambaa kilichofumwa kwa oda. Soko hilo ni dogo, na halitaajiri vijana wote wa taifa la watu milioni 61.7, kama lilivyohesabiwa katika sensa ya 2022. Halidaiwi hivyo. Thamani yake ni kuwa ngazi ya kwanza: kijana anayehesabu mtande bila kukosea, anayefika saa ya kazi, anayekubali kufumua alichokosea na kuanza upya, amepata sifa ambazo mwajiri yeyote anazitafuta.

Wengine huuliza, na wana haki ya kuuliza, kama kumshonesha mfungwa si kumnyonya. Unyonyaji huonekana kwenye daftari. Je, malipo yameandikwa? Anayefanya kazi anajua bei ya alichoshona? Anaweza kukataa bila kuadhibiwa? Shirika lisiloweza kujibu maswali haya lisipewe oda. Linaloweza kuyajibu linaiokolea jamii gharama kubwa. Wizara ya Sheria ya Uingereza ilikadiria mwaka 2019 kwamba uhalifu unaorudiwa na waliokwisha kuhukumiwa, kwa England na Wales, hugharimu zaidi ya pauni bilioni 18 kwa mwaka. Hakuna mto utakaoifuta gharama hiyo. Ila ukubwa wake unaonyesha kwamba daftari la pili si sadaka tupu: mtu mmoja asiyerudi gerezani ni fedha ya umma iliyobaki mfukoni.

Tanzania ina chombo cha kuanzia. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ni utaratibu wa heri, lakini umejengwa kwa daftari la kwanza tu. Mkopo hununua uzi na kitanda cha mfumi, kisha unadaiwa, wakati mikono bado haijakomaa. Kikundi kinachoshindwa kurejesha huitwa kizembe, ilhali huenda kilichokosekana ni miezi ya mafunzo ambayo hakuna aliyeipangia fedha. Halmashauri, dayosisi, misikiti na wafadhili wakikaa meza moja na karakana, wasianze na bei ya mashine. Waanze na siku 7 za yule kijana anayejifunza, wakubaliane nani anazilipia na kwa muda gani. Siku 3 zilizobaki soko litazilipa, mradi kazi ni nzuri.